Chanzo cha mionzi kidogo kama punje ya mchele, kwa nini hatukifungi GPS?

Swali nimelifupisha kidogo: "Kaka habari za kazi. Mi ni nesi huku Kanda ya Ziwa, nimehamishiwa kitengo cha saratani upande wa braki, ile tiba ya kuingiza mionzi kwa ndani kwa kina mama wenye saratani ya shingo ya kizazi. Kila mama akimaliza, jamaa wa fizikia anaingia na kimita chake anampitishia mwilini, halafu kitanda, halafu hadi pipa la taka na mashuka, afu tunasaini daftari. Sasa kompyuta si ishaandika kwamba chanzo kimerudi kwenye mashine? Chenyewe kama punje ya mchele. Kama mnaogopa kitapotea, kwa dunia ya leo si mngekifunga GPS tu yaishe? Na kikipotea kweli mnakitafutaje?"

Dada habari, na pole na zamu. Umeuliza vitu vitatu ila vyote vinarudi sehemu moja, kwaiyo naanza na hiyo: kompyuta yenu inajua waya uko wapi, haijui chanzo kiko wapi. Ni vitu viwili tofauti, na watu wameshakufa kwa kuvichanganya.

Mashine ya braki ya siku hizi iko hivi. Ndani yake kuna kasha zito la kukinga mionzi na ndani ya kasha kuna waya mrefu mwembamba, kwenye ncha ya waya pamechomelewa kakapsuli ka chuma kenye urefu wa milimita nne tano hivi na unene haufiki milimita moja, humo ndimo ilimo iridiamu-192 (au kobalti-60 kama mashine yenu ni ya kobalti). Mota inasukuma waya unapita kwenye bomba unaingia kwenye aplikeita (kile kifaa cha kupitishia chanzo) iliyo ndani ya mama, unasimama hapa sekunde kadhaa pale sekunde kadhaa, unarudi. Mota inahesabu: nimesukuma sentimita kadhaa, nimevuta sentimita kadhaa, hesabu imelingana, kompyuta inaandika salama. Umeona hapo? Imehesabu waya. Ikitokea waya umekatika kule mbele, mota itarudisha kipande kilichobaki vizuri kabisa, na chanzo kimebaki kwa mgonjwa. Ni kweli mashine zina ulinzi wa kugundua waya usiporudi sawasawa, na zina waya wa majaribio usio na mionzi unaotangulia kupima njia kila mara, na mashine za sasa ni bora mno kuliko za zamani, sibishi. Ila huo ulinzi nao ni wa mashine ileile inayojikagua yenyewe.

Kisa ambacho kila mtu wa fani yetu anafundishwa ni cha Marekani, mji mdogo unaitwa Indiana ulioko jimbo la Pennsylvania (siyo jimbo la Indiana, watu wengi wanakosea hapo). Tarehe 16 Novemba 1992 mama mmoja mzee alikuwa anatibiwa kwa mashine ya iridiamu, amewekewa katheta tano, vile vijibomba vya kupitishia waya. Nne za kwanza zimeenda vizuri, ya tano ikasumbua, wakajaribu weeh ikagoma, wakaamua kusitisha. Kompyuta inasema salama. Ukutani kuna alamu ya mionzi, kitu tofauti kabisa na mashine, taa yake inawaka inapepesa kwamba humu ndani kuna mionzi. Wahudumu wakaona alamu, wakaona kompyuta, wakasema hii alamu itakuwa imeharibika, na mita ya mkononi ilikuwepo ila hakuna aliyeichukua akampitishia yule mama. Wakamrudisha kwenye nyumba ya kutunzia wazee alikokuwa anakaa, chanzo kimo ndani ya mwili.

Kilikaa siku nne. Dozi iliyopangwa ilikuwa grei 18 (grei ni kipimo cha mionzi iliyoingia mwilini) kwa jumla ya vikao vitatu, aliyopata ilikadiriwa kuwa kama grei 16,000 kwa umbali wa sentimita moja kutoka kwenye chanzo. Siku ya nne katheta ikachomoka yenyewe, wahudumu wa pale bila kujua chochote wakaitupa kwenye taka za hospitali, na tarehe 21 mama akafariki. Unajua nani aligundua? Siyo hospitali wala nyumba ya wazee. Ni gari la taka! Mzigo ulipofika kwenye tanuru la kuchomea taka huko Warren, Ohio, pale getini walikuwa na mita za mionzi zikapiga kelele, ndo wakaanza kurudi nyuma kuulizana hii taka imetoka wapi. Watu zaidi ya 90 walipata mionzi njiani humo, wauguzi, wazee wengine, wageni, vijana wa taka.

Sasa sikiliza hii sehemu ya pili ambayo wengi hawaisimulii. Tarehe 7 Desemba mwaka huohuo, wiki tatu tu baadaye, mashine ya aina ileile waya ulikatika tena, safari hii Pittsburgh, jimbo lilelile. Kosa la waya lilikuwa lilelile. Wale wa Pittsburgh waliamini alamu, wakafuata utaratibu wa dharura, wakamtoa mgonjwa chanzo mapema, na hakuna aliyezidishiwa mionzi ya kutisha. Tofauti ilikuwa nani kaiamini mita. Kwaiyo dada huyo jamaa wa fizikia akipita na kimita chake msimuone anajishaua, anauliza swali moja tu ambalo kompyuta haiwezi kulijibu.

Ili uone kwa nini dakika zina maana, chukua namba hizi. Chanzo kipya cha iridiamu kinakuja na nguvu ya karibu gigabekereli 370, ndo zile kyuri 10 wazee wetu wanazozisema. Ukisimama mita moja kutoka kwenye chanzo hicho kikiwa wazi unapata kama milisivati 40 kwa saa (milisivati ni kipimo cha mionzi anayopata mtu), na kiwango cha mfanyakazi wa mionzi ni wastani wa milisivati 20 kwa MWAKA, yaani nusu saa pale umemaliza mwaka wako. Hiyo ni mita moja. Sentimita moja ni mara elfu kumi zaidi, grei saba hivi kwa dakika, ndo mana hakishikwi kwa vidole hata kwa sekunde, hata kwa glavu mbili, glavu hazisaidii chochote hapa.

Haya, GPS. Swali lako si la kijinga hata kidogo, naulizwa na madaktari pia. Kwanza ukubwa: kapsuli inapita kwenye kijibomba chembamba, kifaa cha GPS kinataka antena, betri na saketi, utaviweka wapi. Pili, saketi yoyote ukiigandisha kwenye kyuri 10 za iridiamu inaungua yenyewe muda si mrefu, mionzi inaua elektroniki kama inavyoua seli. Tatu, GPS inategemea kusikia satelaiti, na chumba cha braki ni zege nene lisilo na dirisha, hata simu yako humo ndani inahangaika. Na hata hayo yote yakitatuliwa, kitakachofungwa GPS kitakuwa kontena, kwa sababu ndicho chenye nafasi, na hapo tumerudi kulekule kwenye waya, unafuatilia kilichobeba chanzo badala ya chanzo.

Mfano mzuri haukutoka hospitali, ulitoka mgodini, lakini ni uleule. Australia Magharibi Januari 2023, kakapsuli ka sesiamu-137 kenye milimita 8 kwa 6 kalikuwa ndani ya kipimo cha mgodi, kifaa kikafungwa vizuri kwenye boksi, boksi likapakiwa kwenye lori tarehe 12 kuelekea Perth, barabara ya kilomita 1,400. Boksi lilifika! Makaratasi yalifika, kila kitu sawa. Lilipofunguliwa tarehe 25 ndo wakakuta kipimo kimelegea kwa mtikisiko wa barabara, boliti imetoka na kapsuli imedondoka kupitia tundu la boliti. GPS ya lori isingesaidia kitu, lori lilikuwa Perth. Walikipata tarehe 1 Februari, gari lenye vitambuzi vya mionzi likitembea kilomita 70 kwa saa lilikiskia, kilikuwa kama mita mbili kutoka ukingo wa barabara. Kwaiyo ndo hivyo, kinachokipata ni mionzi yake chenyewe. Chanzo kinajitangaza muda wote, mchana na usiku, hakihitaji betri, wewe unatakiwa tu uwe na sikio la kukisikia na uwe na sababu ya kwenda kusikiliza.

GPS inatumika kwenye kusafirisha, gari na makontena, na hapo inafaa kwa sababu tishio ni wizi. Iridiamu nusu uhai wake ni siku 74 hivi, kila siku 74 nguvu inapungua nusu na muda wa kumtibu mgonjwa unaongezeka maradufu, kwaiyo inabidi chanzo kibadilishwe kila miezi mitatu minne, kipya kinakuja kwa ndege na cha zamani kinarudi kiwandani. Kila badiliko hilo ni safari mbili, uwanja wa ndege, forodha, barabara, vibali. Kwa Tanzania vibali vya kuingiza na kusafirisha ni Tume ya Nguvu za Atomiki, TAEC, wenzetu Kenya ni KNRA, mamlaka yao ya udhibiti wa nyuklia. Kobalti-60 nusu uhai wake ni miaka 5.27 kwaiyo unaweza kukaa nacho miaka kama mitano bila kubadilisha, na mimi binafsi kwa hospitali iliyo mbali na uwanja wa ndege wa kimataifa naona kobalti ina mantiki zaidi, safari chache maana yake nafasi chache za kupotea. Kuna wenzangu watanibishia kwa sababu za ukuta kuwa mnene zaidi na kadhalika, sawa, ila tukiongelea kupotea tu sioni ubishi.

Daftari mnalosaini nalo usilidharau. Kila chanzo kina namba yake ya kiwandani, cheti cha nguvu yake na tarehe iliyopimwa, na nchi inatakiwa iwe na rejista. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, limepanga vyanzo madaraja 1 hadi 5 kwa hatari yake, cha kwenye mashine yenu kiko daraja la 2, yaani juu kabisa karibu na yale makubwa ya kobalti ya tiba ya nje. Marekani tangu 2009 wana mfumo wa taifa wa kufuatilia vyanzo vya daraja la 1 na 2 kimojakimoja, tangu kinatengenezwa, kinauzwa, kinahamishwa mpaka kinatupwa. Ila punje ndogo za kupandikiza mwilini moja kwa moja ziko daraja la 5, hizo mfumo wa taifa hauhangaiki nazo, ni wewe na hospitali yako na kuhesabu.

Na hizo ndo zinapotea kweli. Punje za iodini-125 zina urefu wa milimita 4.5 na unene 0.8, mgonjwa mmoja wa tezi dume anaweza kuwekewa zaidi ya 50, hata 100, zinabaki humo maisha. Zinahesabiwa zilizoingia chumbani, zilizopandikizwa, zilizorudi, na jumla lazima ikubali, halafu picha ya eksirei inachukuliwa kuhesabu tena ndani ya mwili. Wakati mwingine punje moja inasafiri na damu hadi kwenye mapafu, au inatoka na mkojo, ndo mana wengine hupewa kichujio cha kukojolea siku za mwanzo. Kuna nchi pia wanatumia punje moja ya iodini kama alama kwenye uvimbe mdogo wa titi, inawekwa siku chache kabla ya upasuaji, daktari wa upasuaji anaifuata kwa kipimo cha mkononi anakata nyama pamoja na punje ndani yake. Hapo punje imepita mikono minne: eksirei, teata, maabara ya patholojia, kisha fizikia. Kila makabidhiano ni nafasi ya kila mmoja kudhani mwenzie anayo. Inaweza kufyonzwa na mashine ya kuvuta damu ikaishia kwenye chupa, inaweza kunasa kwenye gozi (kitambaa cha kufutia damu), inaweza kwenda na maji ya sinki la maabara. Ndo mana chupa, gozi na pipa havitoki teata mpaka vimepitishiwa mita, na sheria ni kwamba chochote hakitoki, siyo vile vinavyotiliwa shaka tu.

Tukija kwenye kutafuta sasa. Kitu cha kwanza ni mita iwe ya chanzo hicho. Iodini-125 inatoa mionzi laini, kama 27 hadi 35 keV (kipimo cha ukali wa mionzi), kimita cha Geiger cha kawaida, ile mita ya mionzi iliyozoeleka, chenye ukuta mnene kinaweza kupita juu ya punje na kisiseme kitu, unaondoka umeridhika na punje ipo chini ya kitanda. Inatakiwa proubu (kichwa cha mita) nyembamba ya iodaidi ya sodiamu. Kwa iridiamu tatizo ni kinyume, mionzi ni mikali mpaka Geiger nyingine zinazidiwa zinaanguka kusoma sifuri. Narudia, sifuri, katikati ya hatari! Kwaiyo mita inawashwa NJE ya mlango, unaangalia betri, unaijaribu kwa chanzo kidogo cha majaribio, ndo unaingia huku unaisoma inavyopanda. Ukiiwasha ukiwa umeshafika kitandani hujui ile sifuri ni ya usalama au ya kuzidiwa.

Halafu hakuna kinachotoka. Hii ndo hatua ngumu kuliko zote kwa sababu taka zinataka kutoka, mashuka yanataka kwenda dobi, mtu wa usafi anataka kwenda nyumbani. Funga, simamisha, hata sinki lisifunguliwe maji. Rudisha nyuma kwa daftari mpaka mahali pa mwisho ambapo mita ilikiona, siyo ambapo mtu anakumbuka kukiona, anza hapo kwenda mbele. Unatembea polepole, ukiona inapanda unaenda upande unaopanda, ukikaribia nusu ya umbali usomaji unakuwa mara nne, kwaiyo chanzo kikali hakijifichi muda mrefu. Ukikuta kwa macho kitu kama kipande cha waya sakafuni usiokote. Toa watu, simama mbali, piga simu. Kinabebwa kwa foseps (koleo) ndefu kinaingizwa kwenye kontena la madini ya risasi linalopaswa kuwa ndani ya chumba cha matibabu muda wote, siyo stoo. Na kama kimekwama ndani ya mgonjwa, wahusika wana dakika chache: kitufe cha dharura, kuzungusha kwa mkono kuurudisha waya, ikishindikana aplikeita inatolewa yote inatumbukizwa kwenye kontena na mgonjwa anatolewa nje, halafu anapitishiwa mita huko nje. Haya yanafanyiwa mazoezi kabla, kwa saa ya mkononi.

Ambavyo vinanitisha kuliko vyote lakini siyo vya mashine yenu, ni vile ambavyo hakuna anayevihesabu tena. Sindano za radiamu za zamani, nusu uhai miaka 1,600. Vijibomba vya sesiamu-137 vilivyokuwa vinapakiwa kwa mkono kabla mashine hazijaja, miaka 30. Kwenye daftari vimeandikwa "havitumiki" na watu wanasoma kama "havipo". Goiânia, Brazil, kliniki ilihama majengo ikaacha mashine ya sesiamu nyuma, Septemba 1987 vijana waliokuwa wanatafuta chuma chakavu wakaibomoa, unga wake unang'aa bluu wakagawiana majumbani, wanne wakafa na watu zaidi ya 112,000 ikabidi wapimwe. Hicho kilikuwa chanzo kikubwa, si cha braki, ila kilipotea kwa njia ya kawaida kabisa, hakuna aliyekuwa na zamu ya kwenda kukiangalia. Kwetu vyanzo vilivyostaafu vinatakiwa vikabidhiwe TAEC, wana hifadhi ya taka za mionzi Arusha. Kama hospitali yenu ni ya zamani uliza kwenye kile chumba cha nyuma kuna nini.

Umeniuliza pia pembeni kuhusu ndugu wanaoogopa kumkumbatia mama akirudi nyumbani. Kwa braki ya mashine mwambie wasiwe na hofu kabisa, chanzo kikitoka mwilini na mita ikathibitisha hakuna mionzi inayobaki, amkumbatie na mjukuu alale naye. Wenye punje za kudumu ndo wanapewa kadi ya kutembea nayo, itawasaidia alamu ya uwanja wa ndege ikilia, na familia ijue mapema kama desturi yao ni kuchoma maiti, kwa mfano ndugu zetu Wahindu wa Dar, Mombasa na Nairobi, kwa sababu wanaohusika na uchomaji wanatakiwa waambiwe kabla.

Kesho ukiingia zamu muulize huyo jamaa wa fizikia vitu viwili, mita ya akiba iko wapi, na Jumamosi usiku funguo ya kabati la mita anakuwa nayo nani. Na kama hiyo alamu ya ukutani kwenu imezoeleka kulia ovyo mpaka watu hawageuki tena kuitazama, iandikie ripoti ya matengenezo leoleo, na mpaka itengenezwe mgonjwa asiingie humo ndani.